Vidonge thelathini

Nimekuwa mfamasia kwa miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo kuhesabu vidonge hakukuwa kazi ya kichwa. Mikono inajihesabia. Unavimwaga kwenye trei, unavisukuma kwa spatula tano tano, tano, kumi, kumi na tano, huku sikio lako liko kwa mgonjwa aliye dirishani anayetaka kujua akisahau dozi ya asubuhi ameze mbili jioni au la. (La.)

Siku ya tatu baada ya kurudi kazini nilihesabu vidonge 30 nikapata 28. Nikarudia, nikapata 31. Mara ya tatu nilifika kumi na tano nikasimama, sijui kama hiyo kumi na tano nimeshaisema au ndiyo naenda kuisema. Aliyekuwa akisubiri ni mzee mmoja mstaarabu. Aligeuza macho akawa anasoma tangazo la ukutani ambalo nina hakika alikuwa ameshalimaliza. Mwishowe nilihesabu kimoja kimoja kwa sauti ya chini, kidole juu ya kila kidonge, kama mtoto wa chekechea.

Kaka yangu alikuwa amefariki wiki tatu kabla ya siku hiyo.

Watu walinionya mengi. Kwamba nitalia nikiwa mahali pabaya. Kwamba usingizi utakimbia, kwamba nitakonda, kwamba itafika siku watu wote wamerudi kwao na hapo ndipo msiba utaanza kweli. Yote yalitimia, nawashukuru. Ila hakuna aliyenionya kwamba nitakuwa mjinga. Nasema mjinga kwa maana yake halisi: mtu anakuambia jambo rahisi, unaona midomo yake inacheza, maneno unayajua yote, na sentensi haifiki.

Kwa Kiswahili tuna kitenzi ambacho sikuwahi kukitazama vizuri mpaka kiliponiangukia. Kufa ni la marehemu, na yeye amemaliza. Kufiwa ni langu mimi niliyebaki, na linaendelea. Sarufi yenyewe inasema kuna kitu nimetendwa.

Kaka alikuwa fundi wa lifti. Alinizidi miaka minne, na tangu nilipoanza kazi alinipigia simu kila siku saa tatu usiku, si saa tatu kasoro wala saa tatu na kitu. Simu yenyewe ilikuwa fupi, dakika tatu, nne, na haikuwa na jambo lolote la maana. "Bibi Dawa, umefunga?" "Nimefunga, kaka." Kisha ananisimulia nani kakwama ghorofa ya ngapi na alivyokuwa akipayuka humo ndani kama lifti ina masikio. Jumanne ile alipopiga nilikuwa katikati ya kuhakiki dawa zilizobaki, mwisho wa mwezi, nikamwambia nina kazi, tutaongea kesho. Kumbukumbu ya simu inaonyesha dakika moja na sekunde kumi na mbili. Jumatano mchana moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 51.

Sitaki kukaa sana hapo. Nataka kueleza habari za kichwa changu baada ya hapo, kwa sababu mimi ni mtu wa vipimo, na nilipoona chombo changu cha kazi kimeharibika nilitaka kujua kimeharibikaje.

Kosa lililonitisha lilitokea wiki ya pili tangu nirudi. Kuna dawa mbili ambazo kila mfamasia anazijua kama mapacha wabaya: haidralazini, ya kushusha presha, na haidroksizini, ya kutuliza kuwashwa kunakotokana na aleji. Majina yanafanana, kwenye rafu iliyopangwa kwa alfabeti yanakaa jirani, na yamechanganywa mara nyingi kiasi kwamba kuna mtindo wa kuandika herufi za katikati ya majina hayo kwa herufi kubwa ili jicho ligutuke. Nimewafundisha wanafunzi jambo hili. Nimewachapia karatasi. Cheti kilikuja cha dawa ya kuwashwa, kwa dada mmoja mwenye vipele mikononi, nami nikachukua kopo la dawa ya presha, nikahesabu, nikabandika lebo iliyoandikwa jina sahihi la dawa isiyokuwemo ndani.

Kwetu hakuna dawa inayotoka bila mtu wa pili kuihakiki. Mwenzangu, kijana ambaye mimi ndiye niliyemfunza kazi, alifungua, akatazama, akanikalia kimya kidogo. Kisha akasema, "Dada, samahani, hebu nitazamie hiki." Hakusema nimekosea. Alinipa kopo kama anayeuliza swali. Nikalitazama, na jambo baya kuliko yote ni kwamba kwa sekunde kadhaa sikuliona kosa hata nilipokuwa nimelishika mkononi.

Jioni hiyo niliomba nitolewe dirishani. Wiki sita nilikaa nyuma, napanga rafu na kukagua tarehe za kuisha kwa dawa, na hata huko mtu alihakiki kazi yangu.

Nikaenda kwa daktari. Nilikwenda na utambuzi wangu mkononi, maana mtu wa dawa ni mgonjwa msumbufu: nilitaka apime tezi ya thairoidi, apime vitamini B12, apime damu kama imepungua, na kama yote hayo ni mazima basi tuzungumzie shida ya akili ya uzeeni inayokuja mapema. Nina miaka 47. Nilishaanza kujiona ninavyopokea dawa zile zile ninazowapa wazee wa watu. Daktari akaandika vipimo vyote bila kubishana, kisha akauliza, huku bado anaandika, kama kuna mtu nimempoteza karibuni. Nikamjibu, na nakumbuka nilivyokereka: "Ndiyo, kaka yangu, lakini hilo ni jambo jingine. Mimi nimekuja kwa ajili ya kumbukumbu."

Akaweka kalamu chini.

Vipimo vilirudi vizuri vyote. Nilivunjika moyo kidogo, nakiri. Upungufu wa B12 una sindano yake.

Basi nikaanza kusoma, polepole, ukurasa mmoja mara nne, kwa sababu huo ndio ulikuwa uwezo wangu. Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni kile wanachokiita kumbukumbu ya kazi: sehemu ya akili inayoshikilia vitu vya sasa hivi, namba unayotaka kuipiga, nusu ya sentensi uliyoianza, hesabu iliyofika kumi na tano. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alisema inabeba vitu saba hivi, mbili juu mbili chini. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaipitia hoja hiyo upya akaishusha: karibu vinne. Vinne tu, na hiyo ni kwa mtu ambaye hana neno.

Niliposoma hivyo nikakumbuka kauli ambayo nimeisikia tangu utotoni bila kuisikiliza. Mtu aliyezubaa, anayetazama ukuta, anayeitwa mara tatu ndipo anaitika, tunamwelezaje? Tunasema, "Mwache, ana mawazo." Hatusemi amepungukiwa. Tunasema anayo, na tunaongea kwa sauti ya chini kana kwamba amebeba kitu kizito mikononi na hatutaki kukiangusha.

Kwenye meza ya famasia kuna sheria ya zamani: cheti kimoja kwa wakati mmoja. Ukiacha dawa za mtu mwingine mezani wakati unaandaa hizi, ipo siku zitachanganyika. Kwangu mimi cheti cha Jumanne ile kilikuwa mezani muda wote. Sauti yake ilikuwa ya kawaida? Alikohoa? Kama ningemwacha aongee angenitajia kwamba kifua kinambana? Nani alimwona wa mwisho, na alikuwa amevaa nini? Ukiniuliza saa hizo nilikuwa nikifikiria nini, ningesema sifikirii kitu, na ningekuwa nasema kweli kadiri nilivyojua. Lakini meza ilikuwa imejaa. Kile kidonge cha kumi na sita hakikuwa na mahali pa kukaa.

Halafu kuna kemia, ambayo ni nyumbani kwangu. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga, inayochagua, inayokuzuia usitamke la kwanza lililokujia. Ni sehemu inayodeka. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mtu anapokuwa kwenye mkazo ambao hana namna ya kuudhibiti, kemikali mbili za ubongo, noradrenalini na dopamini, hufurika huko mbele, na mawasiliano ya seli hulegea. Uongozi unahamia sehemu za ndani zaidi, za kukimbia na kushtuka. Dopamini kidogo inasaidia, nyingi inazima, jambo ambalo mtu yeyote anayegawa dawa analielewa bila kuchorewa. Ongeza kortisoli, homoni ya mkazo, ambayo vipokezi vyake vimejaa kwenye hipokampasi, kiungo kile kile kinachotengeneza kumbukumbu mpya. Ongeza usingizi wa masaa matatu kwa usiku, wakati usingizi ndio unaohamisha mambo ya mchana kuyapeleka mahali pa kudumu. Kila moja kati ya haya peke yake ningemwonya mgonjwa asiendeshe gari.

Maelezo hayo yalinituliza, lakini hayakueleza jambo moja, nalo ndilo lililokuwa likiniogopesha zaidi.

Siku ya tisa baada ya mazishi nilichukua simu nikaanza kumpigia kaka. Nilikuwa na habari ya kumpa. Nilikuwa na habari kubwa, ya kuumiza, na kifua changu kilijua kwamba mtu wa kumwambia kwanza ni yeye. Simu ilishaanza kuita ndipo nikagundua habari yenyewe ni ipi. Nilitaka kumwambia kwamba amekufa.

Sikumwambia daktari hilo. Nilifikiri nikilisema litaandikwa mahali.

Nilikuja kulielewa kupitia panya. Mwaka 1971, London, John O'Keefe aliona kwamba kwenye hipokampasi ya panya kuna seli zinazowaka panya akiwa mahali fulani tu chumbani, kila seli na kona yake. Mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser, wakiwa Norway, wakatangaza seli nyingine, jirani na hapo, zinazochora gridi ya chumba kizima. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Hiyo ndiyo sehemu inayotangazwa. Mimi nilisimama kwenye sehemu ndogo ya mwaka 2013, kazi ya Albert Tsao pamoja na hao Moser wawili. Waliweka kitu chumbani, panya akakizoea, kuna seli zikawa zinawaka anapokikaribia. Wakakiondoa. Panya alipopita tena pale palipokuwa na kitu, penye sakafu tupu, kuna seli nyingine ambazo sasa ndizo zilizowaka. Ziliendelea kuwaka pale patupu kwa siku kadhaa.

Nilisoma aya hiyo nikafunga kompyuta nikaenda kukaa kitandani.

Maana kaka hakuwa mtu tu. Kwenye kichwa changu alikuwa pia ni saa. Alikuwa saa tatu usiku. Mary-Frances O'Connor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona ambaye amekuwa akichunguza ubongo wa waliofiwa kwa zaidi ya miaka ishirini, anaieleza huzuni ya kufiwa kama aina ya kujifunza: ubongo ulishachora ramani ambayo mtu huyo yumo, mahali pake na nyakati zake, na ramani haifutiki kwa kupewa taarifa. Taarifa unaipokea siku ile ile. Ramani inasahihishwa tukio kwa tukio, kila ulipotarajia awepo na hakuwepo. Saa tatu moja, saa tatu ya pili, saa tatu ya mia. Sasa ubongo wangu ulikuwa unashika mambo mawili yasiyokaa pamoja: alikufa, nilimwona, na, atapiga saa tatu. Kwa hiyo wazo la kumpigia kumwambia amekufa halikuwa wazimu. Yalikuwa mahesabu mawili sahihi kutoka vitabu viwili ambavyo bado havijalinganishwa, na kila mtu aliyewahi kufunga mahesabu ya mwezi anajua siku hizo mtu hasemeshwi.

Hapo ndipo nilipoacha kujiita mjinga. Niligundua kwamba ubongo wangu haukuwa umelala. Ulikuwa kazini zamu mbili, mchana na usiku, ukifanya kazi kubwa kuliko zote ulizowahi kupewa, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nikiulalamikia kwamba umenisahaulisha funguo.

Nilikuwa na daftari. Famasia nyingi zina kitabu cha makosa yaliyonaswa kabla hayajamfikia mgonjwa, bila lawama, tarehe na tukio tu, ili watu wajifunze. Nikajifungulia changu. Siku ya 12: nimemwambia mteja "kwaheri" nilipopokea simu. Siku ya 19: nimesimama mlangoni mwa chumba na sijui kama naingia au natoka. Siku ya 26: nimekutana na jirani wa miaka kumi na jina lake halikuja, nikamwita "mpenzi", akashtuka. Siku ya 33 ni ndefu kidogo. Nilikuwa ofisi moja ya serikali najaza fomu ya marehemu, na kwenye nafasi ya jina la marehemu niliandika jina langu, kamili, kwa herufi kubwa, na tarehe yangu ya kuzaliwa. Karani alinirudishia bila kucheka. Alisema, "Mama, jaza nyingine," na kutoka kwenye droo akatoa fomu moja, kisha akafikiri, akaongeza ya pili.

Hili la fomu lina hasira yangu kidogo. Kila mtu ana ushauri ule: usifanye uamuzi mkubwa mwaka wa kwanza. Ni ushauri mzuri, na umetolewa na mtu ambaye hakuwa na makaratasi. Hati ya kifo, benki, mkataba wa nyumba aliyopanga, namba ya simu ya kufunga, mali za kuorodhesha, sahihi hapa na hapa na hapa: mambo yanayodai akili iliyonyooka kuliko yote katika maisha yako yanaletwa wiki ile ile ambayo huwezi kuhesabu mpaka thelathini. Mimi niliokolewa na mke wa kaka, wifi yangu, ambaye naye hali yake ilikuwa kama yangu. Tuligundua kwamba makosa yetu hayafanani. Yeye alipotewa na majina lakini namba zilimkaa. Mimi namba zilinikimbia lakini nilikumbuka nani alisema nini. Tukawa tunakwenda wawili kila mahali, kila mmoja anamhakiki mwenzake, kama dawa. Peke yangu ningekwisha.

Na uamuzi mkubwa karibu niufanye. Mwezi wa tatu niliandika barua ya kuacha kazi, usiku, nikaichapa, nikaiweka kwenye mkoba. Wiki moja baadaye nilikuta barua mbili. Ya pili niliiandika usiku mwingine bila kukumbuka ya kwanza, na kusema kweli ilikuwa nzuri zaidi. Sikuipeleka hata moja. Nilifikiri mtu anayeweza kuacha kazi mara mbili bila kujua hana haki ya kuacha kazi.

Nilitarajia ukungu ungeondoka kama ukungu, jua likipanda. Haukufanya hivyo. Siku mbili nzuri, kisha siku moja ya kumeza maneno. Margaret Stroebe na Henk Schut, huko Uholanzi, waliandika mwaka 1999 kwamba mtu aliyefiwa huyumba kati ya pande mbili, upande wa kumkumbuka aliyeondoka na upande wa kujenga maisha yaliyobaki, na kwamba huko kuyumba ndiko kwenyewe. Napenda maelezo hayo kuliko ngazi zile tano za huzuni ambazo kila mtu anazitaja, ambazo Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na watu waliokuwa wenyewe wanakaribia kufa. Sisi tuliobaki tulizirithi baadaye kama nguo ya mtu mwingine.

Lipo la kusema kuhusu wale ambao pembea yao inakwama upande mmoja. Shirika la Afya Duniani sasa linalitambua tatizo hilo kwa jina lake, majonzi yaliyorefuka, na kipimo chake kinaanzia miezi sita. Wamarekani katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili wa 2022 waliweka miezi kumi na miwili kwa mtu mzima. Katika uchunguzi wa O'Connor na wenzake wa mwaka 2008, wanawake waliofiwa na mama au dada walionyeshwa picha za marehemu hao wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo. Wote waliumia, mashine ilionyesha. Lakini kwa wale tu ambao majonzi yao yalikuwa yamekwama, sehemu nyingine iliwaka ndani kabisa, kile kiini cha hamu, kinachohusika na kukitafuta unachokitaka. Kwao picha bado ilikuwa ahadi. Na mjini Rotterdam, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwakuta wazee wenye majonzi ya namna hiyo wakipata alama za chini kwenye majaribio ya kufikiri kuliko wenzao. Kama miezi inapita na mtu wako anazidi kuzama, hilo ni la kupeleka kwa mtaalamu. Kuna tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yake, na inafanya kazi vizuri kuliko kumwambia ajikaze. Neno hilo, jikaze, ningeweza ningeliwekea lebo nyekundu.

Mimi sikuhitaji tiba hiyo. Wa pili kuhakiki nilimhitaji kwa miezi minane. Nilirudi dirishani mwezi wa tatu, saa mbili kwa siku, kisha nne. Niliweka makopo yale mawili kwenye rafu tofauti kabisa, moja juu, moja chini, na yako hivyo mpaka leo ingawa yanaharibu alfabeti. Nilianza kusoma cheti kwa sauti. Simu ya mkononi ikawa inabaki kwenye kabati. Kijana wangu alikuwa anahakiki kila nilichogusa na hakuwahi kunifanya nijisikie nahakikiwa. Siku moja aliniambia, "Dada, leo hujakosea hata kimoja," na akajuta mara moja, kwa sababu nililia.

Daftari lilianza kuwa na nafasi. Wiki nzima bila mstari. Kisha siku tisa. Mwezi wa kumi na moja nilihesabu vidonge 90 vya presha huku nikimweleza mama mmoja namna ya kumpa mtoto sindano ya insulini, na nilikuwa nimeshafunga kopo ndipo nikagundua kwamba mikono imerudi. Nilisimama nikaitazama. Nilifurahi sana. Nilitaka kumwambia mtu.

Usiku ule nilikuwa napanga karatasi za mwisho wa mwezi, zile zile za dawa zilizobaki, na hesabu ilikuwa inakwenda, safu kwa safu, akili imenyooka kama zamani. Nilipoinua macho ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na tano.

Sikuwa nimeitazama simu. Saa tatu ilikuja ikapita chumbani humo na hakuna kilichowaka. Kwa karibu mwaka mzima, kila usiku, saa ile ilinikuta nimeshainua kichwa kabla sijajua kwa nini, na nililichukia jambo hilo, niliandika juu yake kwenye daftari mara ishirini na kitu, niliomba liishe. Sasa kazi ilikuwa imekwisha, vitabu viwili vimelinganishwa, na wa kwanza kukubaliana nayo alikuwa ubongo wangu. Haukuniuliza.

Nikafungua daftari nikaandika tarehe na saa. Nilikaa muda mrefu nikifikiria kama hilo ni kosa la kuandikwa au la.

Kisha nikachukua simu nikaweka kengele ya saa tatu usiku, kila siku, bila jina. Inalia. Nikiwa na mtu ananiuliza ni ya dawa, nami namwambia ndiyo. Naizima, narudi kwenye nilichokuwa nahesabu.